Darasa la Java la jioni, Mwanjelwa
Kama uko Mbeya na Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inakusumbua, nenda darasa la jioni pale Mwanjelwa, ghorofani juu ya maduka ya vitenge. Mwalimu anajua kazi yake! Aliandika int a = 5 (kigeu a, yaani jina linaloshika thamani, hapa namba nzima 5), kisha int b = a, akabadilisha b iwe 9; a ikabaki 5, maana b ilipewa nakala ya thamani. Akarudia kwa safu ya namba: ukibadilisha namba kupitia kigeu kimoja, ya kingine nayo inabadilika, kwa kuwa vigeu vyote viwili vinaelekeza kwenye kitu kilekile. Aina za msingi za data, kama int, ni 8 tu, String (aina ya maandishi) haimo, ndiyo maana maneno hulinganishwa kwa equals, si ==, inayoangalia tu kama ni kitu kilekile. Dada mmoja aliuliza jambo hilo tena na tena, akajibiwa kwa upole. Ada inalipika. Kompyuta chache, wahi.