Filamu za kutisha: ya pili ipi utiwe kwenye fulashi

Ukifika kwa vijana wa kompyuta pale soko la Kenya, hapa Lubumbashi, ukasema tu "nitilie filamu za kutisha", utarudi nyumbani na takataka nane na moja ya maana. Mimi naomba zile za pili, yaani zilizotoka baada ya filamu ya kwanza yenye jina hilohilo, tena zilizotengenezwa kwa pesa kidogo. Taja jina la Kifaransa, maana ndivyo zilivyoandikwa kwenye mashine zao.

1. Ouija : les origines (2016). Hii haina ubishi. Ile ya 2014 ilikuwa chai bila sukari, mimi nilisinzia. Ya pili akapewa Mike Flanagan, kwa dola kama milioni 9, naye akairudisha hadithi nyuma hadi Los Angeles ya mwaka 1967, kwa hiyo ile nyingine huihitaji. Mjane anakula kwa kuwadanganya watu kwamba anaongea na wafu wao. Binti zake wawili wanamsaidia kwa siri. Halafu mdogo, Doris, anaanza kuongea nao kweli. Kuna mahali anamweleza rafiki wa kiume wa dada yake jinsi mtu anavyojisikia akinyongwa. Anaeleza taratibu, kwa sauti ya mtoto mwenye adabu, kama anayesimulia habari za shule. Damu hamna, lakini nilisimama kuwasha taa.

Ukiona kidoa cha duara kikijitokeza kwenye kona ya juu, kopi haijaharibika. Ni makusudi: zamani alama hiyo ilimwambia fundi wa sinema abadilishe mkanda. Jirani yangu alirudi sokoni kugombana na kijana wa watu kwa sababu ya kidoa hicho.

2. American Nightmare 2 : Anarchy (2014). Ya kwanza ilifungiwa ndani ya nyumba moja. Hii inakutoa barabarani, usiku ambao uhalifu wote unaruhusiwa kwa saa 12. Inafaa kuangalia mkiwa wengi, mtapiga kelele.

3. Terrifier 2 (2022). Dola kama 250,000 tu, na Art, muuaji aliyevaa kama mcheshi wa sarakasi, hasemi neno hata moja. Ingekuwa juu zaidi kama isingekuwa na dakika 138 na damu ya kujaza beseni. Watoto walale kwanza, na betri iwe imejaa, maana umeme wetu unajulikana.

4. Winnie-the-Pooh: Blood and Honey 2 (2024). Ni yule dubu wa vitabu vya watoto, hapa amegeuzwa muuaji. Ya kwanza ilizoa tuzo tano za Razzie, zile za filamu mbovu. Hii imeboreka, barakoa hasa. Kuboreka si kuwa nzuri. Itiwe kama fulashi imebakiza nafasi.

Kabla ya kutoa franga, omba kopi ifunguliwe katikati, penye giza, usikilize kwa spika za masikioni. Weusi ukigeuka kijivu chenye vipande vipande, kataa. Ukisikia watu wakikohoa, imerekodiwa kwa kamera ndani ya sinema; kataa pia, maana filamu hizi nusu yake ni sauti. Na kijana akisema, "Yaya, ya pili sina, chukua ya kwanza ni moja tu," chomoa fulashi yako usogee meza ya pili.