HDD au SSD, ipi uweke kwenye laptopu?

Kama laptopu yako inawaka polepole usikimbilie kununua mpya jamani, angalia kwanza diski ya ndani, ile inayotunza Windows na mafaili yako, kama ni ya aina ya HDD au SSD. HDD ina visahani vinavyozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake, sasa ukiidondosha ikiwa inafanya kazi mafaili yako hatarini. SSD ni chipu tupu, hakuna kinachozunguka, na ile ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) inasoma mafaili mpaka kama MB 550 kwa sekunde, HDD haioni ndani. Bei ndo shida, kwa hela ileile HDD inakupa nafasi kubwa zaidi. Mi nasema Windows iwe kwenye SSD hata ya GB 256, muvi na picha ziende HDD, ila weka kopi pengine, maana SSD inaweza kufa ghafla bila dalili yoyote, HDD mara nyingi huanza kugongagonga kwanza.