Nairobi hadi New York bila kushuka: inamfaa mzazi?

Kama una mzazi aliyekula chumvi na unataka aje kukuona Marekani, mkatie tiketi ya moja kwa moja. Najua mara nyingi ni ghali kuliko za kuunganisha. Changeni na ndugu zako, mlipe.

Kenya Airways ilianza safari hii kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi ule wa JFK, New York, Oktoba 2018. Ni kama kilomita 11,800, na Boeing 787 huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Tofauti hiyo huletwa na upepo. Huko juu huvuma kutoka magharibi, kwa hivyo ukielekea Nairobi unakusukuma.

Tahadhari na tiketi, maana saa zinazoandikwa ni za kila mji. Mimi na mama tulisafiri Januari, tukaondoka usiku kabla ya saa sita na kufika asubuhi, saa kumi na mbili na kitu. Mjomba alipoona hivyo akamwambia mama ni mwendo wa saa saba tu! Kumbe majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Mwelezeni mzee mapema, ajiandae.

Safari yake ya awali mama alipitia Ulaya na shirika jingine. Kiti cha magurudumu tulichoomba hakikuonekana, akatembea kutoka lango hadi lango mpaka miguu ikavimba, na Kiswahili chake hakuna aliyekielewa. Nilipomwona pale nilipoenda kumpokea, roho iliniuma sana. Safari hii mhudumu alimwinamia, "Mama, nikuletee chai?" Mama akajibu kwa lugha yake, akaomba na sukari ya kuongeza. Kwangu hilo pekee lilitosha kuhalalisha bei.

Ndege yenyewe naipenda. Madirisha hayana kifuniko, unabonyeza kitufe kioo kinageuka buluu iliyoiva. Mama alibonyeza na kubonyeza hadi tukavuka Sahara. Hewa ya ndani nayo hailemei kifua. Shinikizo lake halishuki chini ya lile la mahali penye mwinuko wa mita 1,800, wakati katika ndege nyingi za zamani hushuka hadi lile la mita 2,400. Nairobi yenyewe iko juu ya mita 1,600, kwa hivyo mwili wa mkazi wa huku haushtuki sana.

Daraja la kawaida viti ni vitatu vitatu. Mchagulieni cha kando ya njia, aende msalani bila kuruka magoti ya watu, na kila baada ya muda ainuke anyooshe miguu. Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na muulize daktari atazimeza kwa saa za wapi.

Idadi ya safari kwa wiki hubadilika kulingana na msimu, kwa hivyo angalieni ratiba kabla ya kuomba likizo kazini.