Sarafu ya Yongle yenye mgongo wa Qing

Mimi mtu wa Lamu. Tangu zitangazwe mwaka 2013 habari za sarafu ya Yongle, mfalme wa Uchina wa nasaba ya Ming, iliyochimbuliwa Manda, hapo ng'ambo tu ya kwetu, nimekuwa na hamu ya kushika mwenzake. Juzijuzi nikiwa Beijing nikaingia soko la vitu vya kale. Muuzaji kakaa kigodani, sarafu kazitunga uzini kama mtungo wa samaki. Nikamwambia, Yongle. Akachambua, akatoa moja, akabonyeza kalkuleta: yuan 300. Tukavutana mpaka 120. Nilipotaka kuigeuza nione nyuma, akanipokonya, akaifunga karatasini, akanipungia mkono kama afukuzaye kuku. "Pengyou, pengyou," eti rafiki! Rafiki gani hukufukuza hata chenji hujatia mfukoni?

Bwenini nikaigeuza. Nyuma, maandishi ya Kimanchu. Jamani! Yongle alitawala 1402 hadi 1424. Wamanchu, wenye nasaba ya Qing, wameingia Beijing 1644. Na mgongo wa Yongle ya kawaida huwa mtupu. Tena hii yang'aa manjano, shaba ya zinki, ilhali za enzi yake zilikuwa shaba ya bati. Mtu kaghushi, na kughushi kwenyewe hakujui! Lakini kinachoniuma si yuan 120. Ni ule mkono.

Nampa muuzaji nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande.

Ila kulikuwa na kijisarafu alichonitupia kiwe nyongeza, cheusi, kichafu, nikakidharau. Mwalimu wangu wa Kichina akakiweka kiganjani, akapitisha ukucha ukingoni: mikwaruzo ya tupa. Zamani, sarafu zikishatoka kwenye kalibu za mchanga zilitungwa kwenye ufito wa pembe nne, zisizunguke, zikapigwa tupa zote kwa pamoja; tundu la mraba lilifaa hapo. Ya Qianlong, mfalme wa Qing, akasema, ya kweli, karne ya 18. Zilimiminwa nyingi mno, ndiyo maana hata leo bei yake ni ya soda. Yaani cha bure ndicho halali, nilicholipia ndicho takataka! Nyota tatu basi. Hapana, mbili.

Nikarudi kwa muuzaji na hasira zangu zote. Akanitambua, akacheka, akabonyeza kalkuleta hata sijafungua mdomo. Nikanunua Qianlong kumi. Zote nimezigeuza mbele ya macho yake, moja moja, polepole.