Kibao cha uyoga: nimekiweka kwenye mbabula, tazama wewe mwenyewe

Jambo yenu, Bukavu! Na wa Goma, najua mpo. Leo tunakwenda haraka, umeme ukikatika nitamalizia na tochi ya simu.

Kitu chenyewe hiki hapa. Kibao, upana wa daftari, unene wa vidole viwili, chepesi kama mkate. Harufu yake ni ya kabati lililofungwa msimu mzima wa mvua. Anakitengeneza kijana mmoja wa Kadutu: vumbi la mbao la maseremala na maganda ya kahawa. Anachemsha, vikipoa anatia mbegu ya uyoga, anajaza kwenye kalibu. Ndani ya siku chache nyuzi nyeupe zinashika kila chembe, halafu anakausha kwa moto ili uyoga ufe. Hapana, mama, hautaota ukutani. Mliniuliza sana video iliyopita.

Sasa sogezeni macho. Mbabula imewaka. Kwanza tripleksi, ile mbao ya tabaka zilizogandishwa kwa gundi, naiweka juu ya makala... moja, mbili, tatu... imeshika! Oneni gundi inavyochemka. Toa, toa. Sasa kibao. Tunangoja. Bado. Wewe ambaye hujajiandikisha kwenye chaneli, huu ndio muda wako, tunatafuta elfu nne. Bado! Kimekuwa cheusi, pembe zinafuka, mwali hakuna. Dakika mbili. Nakitoa kwa koleo, naweka kiganja upande wa juu: vuguvugu tu. Nikikwangua kwa kisu, weusi umeingia kama unene wa ukucha mara mbili. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za mbao zilizobanana, tunajua usiku mtu akilia "moto!" inakuwaje.

Ila kijana ananiudhi, anakiita tofali. Tofali gani? Nimekikalia, kimebonyea. Kweli, New York mwaka 2014 walisimamisha mnara wa matofali ya uyoga kama 10,000 pale MoMA PS1, jumba la sanaa, lakini ulikuwa wa msimu mmoja, ukabomolewa ukawa mboji. Namibia wao wanavuna kwanza uyoga wa kula, mabaki ndiyo wanayashindilia kwa mashine na joto, ndipo wanapata tofali la kujengea. Hiki hakijashindiliwa na chochote. Na maji! Jana nilikilaza kwenye ndoo, asubuhi kimevimba kama andazi. Mji wetu huu wa mvua miezi tisa? Ukuta wa nje sahau. Weka darini chini ya manjanja, hata kelele za mvua zinapungua.

Bei: franka elfu saba kipande. Nimepiga hesabu ya chumba kimoja, kinaipita tripleksi karibu mara mbili. Nilikuja hapa niwaambie msinunue. Lakini nikitazama kile kilichotoka motoni... ee, nimeagiza ishirini, za juu ya jiko la mama. Kijana hajapunguza hata franka mia.

Mama ameuliza swali moja tu: na panya je? Basi usiku huu naacha kimoja chini ya kabati la unga.