Vidanje ya moteri ya katre-tan hapa Goma: kwa fundi mwenye mapipa

Juu jamaa wa ku bandari ya Kituku wananiuliza kila wiki moteri yangu napelekaka wapi kwa vidanje, ni kusema kubadilisha mafuta yake, acha niandike mara moja niache kurudia. Niko na kanoti ya mbao, nyuma Yamaha 40 ya katre-tan, inafanya Goma na Idjwi, siku zingine Minova, abiria na magunia ya mihogo, mara tatu kwa wiki kama ziwa imetulia. Fundi ninayemsema eko Kyeshero, chini kuelekea ziwa, hana kibao wala jina mu mlango, ni hangari ya mabati na mapipa mawili ya maji mbele yake. Kazi peke yake anataka dola 25, mafuta na filtri ni juu yako. Ndiyo najua wengine wanafanya kwa 10. Nilianzia kwa hao wa 10.

Sisi wengi tumekulia mu de-tan. De-tan haikusumbui na vidanje, unachanganya mafuta na esanse (petroli) mu bidon, unatikisa, unavuta kamba, yote inaungua pamoja inatoka moshi. Sasa mtu akinunua katre-tan anafikiri ni ndugu yake yuleyule, kumbe hii iko na mafuta yake mu tumbo sawa gari, inazunguka humo, inachafukia humo, na usipoitoa hakuna mwingine ataitoa. Mwaka wangu wa kwanza nilipatia hiyo kazi kijana mmoja wa karibu na bandari. Alifanya palepale mu kanoti, moteri ya baridi, imeinuliwa elisi, ile feni ya kusukuma maji, inatazama juu, akafungua visi, mafuta ikatoka kidogo kidogo akasema imeisha. Ile iliyotoka akaimwaga mu maji, hatua tano kutoka pale mamas walikuwa wanafua nguo, na nikanyamaza, hiyo mpaka leo inaniuma. Kisha akamimina mafuta mpya bila kuangalia kijiti cha kupimia mafuta hata mara moja. Filtri hakuigusa. Dola 10, asante papa, kwaheri.

Kesho yake kuelekea Idjwi moteri inatoa moshi ya buluu, inakohoa, haipandi mbio, mpaka mama mmoja mwenye kuku mu kikapu ananiambia eti papa, moteri yako inavutaka tumbaku? Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilivumilia hiyo moshi miezi mine, njo nikafika Kyeshero. Moteri ilikuja juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, karibu kilo 100 hivi, na mzee alipoona tumeilaza namna gani akaanza kugomba kabla ya salamu. Katre-tan huilazi upande wowote tu, kuna upande mmoja ulioandikwa mu kitabu yake, ukiilaza vibaya mafuta inatoka mu tumbo inaingia mu silinda, na ukivuta kamba bila kujua unaweza kupinda vyuma. Nikasema pole mzee. Akauliza: hii ina saa ngapi tangu vidanje? Nikajibu miezi mine. Akaniangalia. "Sikuulizi miezi kijana wangu, nakuuliza saa."

Na hapo nikafanya hesabu mbele yake na haya ikanishika. Mu kitabu ya Yamaha wanasema vidanje ya kwanza kwa saa 20 moteri ikiwa mpya, halafu kila saa 100 ao mwaka moja, yenye itafika mbele. Mwenye kutembeza familia siku ya Yenga (Jumapili) atafika mwaka kabla ya saa 100. Mimi natembea saa nne kwenda na kurudi, mara tatu kwa wiki, ni saa 12, kwa hiyo saa 100 inaisha mu wiki nane na siku chache! Miezi mine ni mara mbili ya hiyo. Mu kanoti nyingi hapa hakuna saa ya kuhesabu, sasa niko na daftari ya shule imefungwa mu saketi, kila safari naandika.

Kazi yake iko hivi. Anasimamisha moteri wima mu pipa la maji, anaiwasha dakika chache mpaka ipate moto. Pipa si mapambo, bila maji turbini ya pompi ya maji yenye kupoza moteri inaungua haraka sana, ni mpira tu ile. Mafuta ya moto inakuwa nyepesi, inashuka na uchafu yote, ya baridi inaacha matope chini. Akazima, akavuta kijiti akanionyesha: mafuta ilikuwa imepita alama ya juu kabisa. Yule kijana aliacha nusu ya zamani akaongeza ya mpya yote. Ikizidi hivyo inapanda mpaka mu njia ya hewa, inaungua, ndiyo ile tumbaku ya mama wa kuku. Akafungua chini, akaacha itiririke mu beseni muda mrefu, mimi nikaona anachelewesha makusudi, akatoa filtri, akapaka mafuta kidogo ku mpira wa filtri mpya akaikaza na mkono, akabadilisha rondeli ya visi. Halafu anamimina kidogo kidogo, anangoja, anapima, anamimina, anangoja tena. Ukiwa na haraka utakufa na presha hapo.

Kuhusu mafuta yenyewe, hapa ni mkali. Anataka 10W-30 ao 10W-40 yenye imeandikwa FC-W, ni alama ya mafuta ya moteri za maji za katre-tan, iko na dawa ya kutu zaidi ya ile ya gari. TC-W3 ni ya de-tan, hiyo ni ya kuchanganya mu esanse, haiingii hapa hata ukiwa na njaa. Unaweza kuleta yako, hakasiriki, lakini anaangalia kifuniko kama kimeshafunguliwa, na bidon moja niliyoleta alinirudishia, akasema angalia hii, wamejaza tena. Nilikuwa nimeinunua bei ya mpya. Sisemi wapi.

Kitu ambacho hakuna mtu alinifanyia mbele ni mafuta ya chini, ya kule meno ya gia iko, karibu na elisi. Ni mafuta tofauti, nzito, na wengi hawajui hata kama iko. Kuna visi mbili, ya chini na ya juu. Anafungua ya chini, kisha ya juu ili hewa iingie, na yote inashuka. Yangu ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Mzee akanyamaza kidogo. Rangi hiyo ni maji imeingia. Akatoa elisi, na nyuma yake, jamani, uzi wa nyavu umejizungusha kama kamba ya mbuzi, nailoni ya watu wa kuvua sambaza, wale samaki wadogo, zile mitumbwi zao tatu zilizofungwa pamoja na milingoti, tunapita karibu nao usiku tukifuata taa tu. Uzi ule unakata mpira unaozuia maji ku mti wa elisi. Tungeendelea hivyo meno yangeliwa na kutu na kuvunjika katikati ya ziwa. Mpira mpya nikatafuta siku mbili, hiyo si kosa lake, piesi hapa unaijua. Kurudisha mafuta anaisukumia kutoka chini na pompi mpaka itokee tundu ya juu, anafunga ya juu kwanza njo anafunga ya chini, hivyo hewa haibaki. Pia alinionyesha visi ya chini iko na sumaku, ukikuta unga laini mweusi ni kawaida, ukikuta vipande vya chuma anza kutafuta pesa.

Bujie (plagi) alizitoa akaziangalia akazirudisha, akasema bado. Nimependa hiyo, mwingine angeniuzia mpya. Anodi, kile kipande cha chuma kinacholiwa na kutu pahali pa moteri, akapiga burashi, akaniambia mara ijayo tutafute ya magnesiamu ao aluminiamu, ile ya zinki ni ya bahari, mu maji isiyo na chumvi inalala tu.

Sasa mabaya yake, juu iko nayo. Kwanza muda. Aliniambia Jumanne, nikapata moteri Ijumaa, safari mbili zimeniponyoka, na simu hapokei akiwa na mikono ya mafuta, na mikono yake iko na mafuta siku nzima. Pili hakuna karatasi, faktire hajui, yote iko mu kichwa yake. Tatu dola yenye kapasuka kidogo ku kona hachukui, hata ukimwonyesha kwamba Washington eko mzima, lakini hiyo ni Goma yote. Na anaongea! Nilikaa saa nzima kusikiliza kwa nini moteri za huku hazikimbii sawa za Dar es Salaam: Kivu iko mita karibu 1460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, moteri inapoteza nguvu zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo mwenye mizigo anatakiwa elisi yenye hatua fupi, ni kusema inasonga mbele kidogo kila mzunguko. Nilichoka, lakini nilibadilisha elisi mwezi uliofuata na sasa na magunia yote inapanda mbio vizuri, basi nimemsamehe.

Mafuta chafu hamwagi. Anaweka mu bidon ya njano, maseremala wa mitumbwi wanakuja kuichukua kupaka mbao.

Alinikataza jambo moja: kuacha moteri ikinguruma polepole nusu saa bandarini nikingoja abiria. Ikikaa hivyo bila kupata moto vizuri, esanse inashuka mu mafuta, na siku utavuta kijiti ukute mafuta imepanda peke yake na inanuka esanse. Nilifikiri ni muujiza. Kumbe ni mafuta iliyoharibika, inatolewa yote, hata kama ina saa 30 tu. Sasa nazima, abiria wanapiga kelele eti tunaenda ao hatuendi, nawaambia tukijaa tunaenda.

Tangu hapo nimerudi kwake mara tatu. Moshi imeisha, mafuta ya chini inatoka safi, na moteri inakojoa maji kwa nguvu pale pembeni kama mtoto mwenye afya. Turbini ya pompi hatujabadilisha, anasema kila miaka miwili hivi hata kama inaonekana nzuri, na yangu imefika, nimeagiza tayari. Ukienda peleka moteri Jumatatu asubuhi, usiahidi abiria yeyote kabla ya Ijumaa, na tafadhali ilaze upande wake ku chukudu, sitaki aniulize tena nani amekutuma.

Daftari inasema saa 81.