Mafundi wa vyuma Kibuye, Kisumu: wametutengenezea chesisi ya rova, haya ndio maoni yangu

Kwa wale mmekuwa mkiniuliza chesisi ya rova yetu, yaani kale kagari ka magurudumu sita kanakoongozwa kwa mbali kama yale ya sayari ya Mirihi, tulitengenezea wapi, jibu ni Kibuye hapa Kisumu, kwa mafundi wa jua kali wa vyuma, na mimi nawapa nyota nne kwa tano. Ile moja nimeitoa na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza niseme hivi, kama uko chuo huku magharibi, iwe Maseno, iwe Kakamega, na mko na mpango wa kujenga rova, msikimbilie kutuma michoro Nairobi. Sisi tulianzia huko, karakana moja ya kukata na leza ikachukua diposti yetu ikatuzungusha na simu, leo mashine imeharibika, kesho mwenye mashine amesafiri, mpaka tukaomba pesa irudi, na ikarudi nusu. Kibuye unasimama mbele ya fundi, unaona chuma chako kikikatwa, na kama shimo linataka kutobolewa pabaya unasema hapo hapo.

Sisi tunajenga kwa kufuata kanuni za University Rover Challenge, mashindano ya rova ya timu za vyuo, yale ya The Mars Society yanayofanyika jangwani Utah kule Marekani, karibu na Hanksville, tangu 2007. Rova ikiwa kazini isipite kilo 50, na wakati wa kupimwa iingie kwa boksi la mita 1.2 kila upande. Uwanja ni mawe, mchanga na miteremko, na wanaoiendesha wamefungiwa mahali hawaioni, wanaona tu kile kamera inawaonyesha. Kwa hivyo unaweza kuwa na programu nzuri namna gani, kama miguu ni mibovu mtakwama mita kumi kutoka mwanzo na hakuna mtu wa kuwasukuma.

Mfumo tuliochagua ni roka-bogi, ule NASA, shirika la anga la Marekani, wanautumia kwa rova zao za Mirihi toka Sojourner ya 1997, ukaenda na Spirit na Opportunity, ukaenda na Curiosity, mpaka Perseverance iliyotua Mirihi 2021. Hauna springi ata moja. Kila upande uko na magurudumu matatu, mkono mkubwa unabeba moja na mkono mdogo unabeba mawili, yote inacheza kwa pini. Alafu kuna fimbo inapita juu ya mwili, imeshikwa katikati, na kila ncha yake inashika mkono wa upande wake kupitia kiungo kifupi, ndio upande wa kulia ukipanda jiwe wa kushoto unakandamizwa chini na mwili wa katikati unainama nusu tu. Kwa kompyuta inakaa rahisi. Shida iko kwa hivyo viungo vifupi viwili, sababu vinafaa kupinduka kila upande bila kulegea, na vile vizuri ni vya kuagiza nje, ukijumlisha na ushuru unaachana nayo.

Hapo ndio niliona fundi wetu wa kuchomelea anajua kazi. Ni mzee wa makamo, amezoea mageti na vitanda vya chuma na trela za mkokoteni, rova hajawahi kuona. Nilimwekea mchoro kwa meza akauangalia kimya kwa muda, akageuza karatasi, akakunja kiganja chake huku na huku kuiga kile kiungo. "Enjinia, hii inataka kupinda hivi na hivi, na isicheze?" Nikamwambia ndio mzee. "Basi enda pale kwa wauza spea, waambie unataka linki ya stabilaiza ya Probox. Mbili. Chukua ya eks-Japani, angalia mpira usiwe umepasuka."

Yaani sisi wote na madaftari yetu hakuna aliyekuwa amefika hapo. Linki ya stabilaiza, kale kafimbo ka chini ya gari kanakozuia lisilale upande kwa kona, iko na bol jointi kila ncha, yaani kiungo cha mpira wa chuma kinachozunguka kila upande, imetengenezewa gari lililojaa mizigo na barabara mbovu, sasa kilo 50 itaifanya nini. Ilikuwa ndefu kwetu kwa hivyo aliikata katikati akaifupisha, na kabla ya kuchomelea akafunga kila kichwa na kitambaa kilicholowa maji ndio joto lisiyeyushe plastiki ya ndani, anachoma kidogo anaacha ipoe, anamwaga maji, anachoma tena. Kijana wake alikuwa anataka kumaliza haraka akamzuia mkono. Mpaka leo hizo linki hazijalegea hata kidogo, na ndio sehemu ya rova inayopata taabu zaidi.

Magurudumu nayo ni sufuria. Najua kuna watu hawataamini lakini fikirieni, magurudumu ya Curiosity ni alumini ya sentimita 50 na ngozi yake iko na unene wa milimita 0.75 peke yake, ilitua 2012 na kufika 2013 picha zilikuwa zinaonyesha matundu yaliyotobolewa na mawe yenye ncha. Kwa Perseverance wakaongeza unene, na meno ya kushika ardhi yakatoka 24 hadi 48. Kwa hivyo somo ni unene na meno, na sufuria nzito za kupikia matangani ziko na unene wa kutosha kwa rova ndogo kama yetu, ambapo kila gurudumu linabeba kilo nane hivi. Msichukue zile nyepesi za kuchemsha chai. Tena sufuria zetu hazina mikono, ziko na ule mdomo uliokunjwa nje, na huo mdomo ndio unafanya duara lisibonyee ukigonga jiwe. Mama anayeuza alituacha tuzigongegonge na kuzipima kwa mzani bila kulalamika, nampa shukrani zake hapa.

Meno tulikata kutoka kwa angle laini ya alumini, tukayafunga na riveti. Hayakuchomelewa, na hii ndio kitu mnafaa kujua kabla ya kwenda, pale tulipofanyia kazi wanachomelea chuma cha kawaida na elektrodi, alumini inataka mashine ya argoni na hawana. Usiwape mchoro wa fremu ya alumini iliyochomelewa ukitarajia muujiza. Mikono yetu ni skwea tyubu ya chuma ya inchi moja, nyembamba, na kila kitu cha alumini kimefungwa na riveti au bolti. Uzito tumeumudu.

Kazi iliyonifurahisha zaidi baada ya zile linki ni habu, kile kitovu kinachoshika gurudumu. Mota zetu ni za waipa ya gari, ile ya kufuta kioo mvua ikinyesha, za volti 12, za kuokota kwa skrap, na nawashauri sana hizo mota kwa sababu gia yake ya ndani ni ya skrubu, ukizima umeme kwa mteremko gurudumu halirudi nyuma. Lakini shafti ya waipa haikutengenezwa kubeba uzito wa pembeni, ukiifunga gurudumu moja kwa moja itapinda. Fundi wa leithi, ile mashine ya kukereza chuma, huyu ni mwingine amekaa vibanda vichache mbele, alitukerezea shafti fupi ya milimita 15 ipite kwa beringi mbili za 6202, zile za kawaida zinapatikana kila duka la spea za pikipiki, uzito unakaa kwa beringi na mota inazungusha tu. Akatumia kale kamkono ka waipa kenyewe kama kiunganishi, akakachomelea sahani, akakarudisha kwa leithi akakanyoosha mpaka ukizungusha huoni kikiyumba. Alipima na keliba kila mara, hakukadiria na macho.

Sasa ile nyota moja. Mkono mkubwa wa kulia ulifanywa na kijana siku mzee hayuko, akauchomelea upande mmoja wote kwa mkupuo bila kushikashika kwanza na vitone, joto likauvuta, ukapinda, na gurudumu la mbele likawa linaangalia ndani. Ukiangalia haraka huoni. Tulijua baada ya kupima na tepu kona kwa kona. Mzee aliporudi hakubishana, aliuchoma moto akaunyoosha, na sehemu moja akaikata akaifanya upya bila kutuitisha shilingi, lakini ni muda umeenda. Na muda ndio ugonjwa wao mkubwa. "Kesho asubuhi" si kesho asubuhi. Mteja wa geti akifika na pesa mkononi kazi yako inasogezwa, stima ikipotea kila kitu kinasimama, na sisi tulikuwa na tarehe ya kutuma video ya kuonyesha rova inafanya kazi, hio video ndio waandaaji wa mashindano wanaitumia kuchagua timu za kwenda Utah, hawakungojei. Ushauri wangu ni mtu mmoja wa timu akae pale siku nzima, si kuwasumbua, ni kuwa karibu tu, kushika chuma, kuleta diski za grainda zikiisha. Ukiwa hapo kazi yako haisogezwi.

Kitu kingine, msiende na mchoro wa kompyuta peke yake. Sisi tulichapisha kila kipande kwa ukubwa wake halisi, tukakata na katoni, fundi anaweka katoni juu ya chuma anachora na chaki. Makosa ya vipimo yaliisha hapo.

Bei ni poa sana. Tulilipa ufundi kwa kipande, si kwa siku, na chesisi nzima na habu sita, ukiongeza vyuma, sufuria na beringi, ilikuja chini ya ile diposti tuliyoitishwa na karakana ya leza. Mota na bateri ni hesabu nyingine.

Tumeijaribu kwa mawe ya Riat na kwa udongo mweusi wa huko Ahero baada ya mvua. Kwa mawe sina neno, inapanda jiwe la kujengea la inchi 9, gurudumu la mbele linapanda, la katikati linafuata, mwili unabaki umetulia na kamera haitingishiki, mimi nilipiga kelele. Mwendo wake unaipita Curiosity mbali, ile inaenda kama sentimita 4 tu kwa sekunde, yetu inaenda mwendo wa mtu anayetembea polepole. Kwa udongo mweusi meno yanajaa tope na gurudumu linakuwa duara laini, hio si kosa la mafundi, ni sisi tutapunguza idadi ya meno au tuyaweke mshazari, bado tunabishana.

Mkiamua kwenda, msiende Jumapili, hio ndio siku kubwa ya soko na hakuna mtu atakusikiliza. Enda asubuhi katikati ya wiki, ulizia fundi mwenye leithi na fundi wa kuchomelea kando kando, msikubali mmoja awaambie atafanya zote. Na risiti muitishe mapema. Mashindano yako na kikomo cha bajeti na mnatakiwa kuonyesha mlivyotumia pesa, na huko jua kali risiti si kitu cha kawaida. Sisi tulinunua kitabu cha risiti tukampelekea mzee, anaandika, anatia sahihi, tunalipa kwa M-Pesa na meseji tunaihifadhi. Alikipenda, sasa anakitumia na wateja wake wa mageti pia. Mkono wa rova wa kuokota vitu ukishamalizika kuchorwa tunarudi kwake.